Ngoma zote kali, kipindi kikalala: uchambuzi wa plelisti moja ya redio

Kisa chenyewe kiko hivi. Mtangazaji mmoja ana kipindi cha saa mbili kila wiki, usiku, muziki wa dansi wa elektroniki mtupu, haus, tekno, transi, dabstepu, drum and bass, chochote kilichotoka kwenye mashine na kinachezeka. Masikio anayo, hilo sina ubishi nalo, ni mtu ukimtajia ngoma anakutajia na lebo iliyoitoa. Akaandaa toleo maalum, saa ya kwanza historia ya muziki huu toka miaka ya 70, saa ya pili miksi. Likaenda hewani, likafa. Afadhali watu wangelalamika, walikaa kimya tu, zile meseji ambazo huwa zinamiminika zikakauka, na meneja wa vipindi akamwambia kwa upole kwamba toleo la namna ile lisirudiwe. Jamaa akaniletea plelisti pamoja na rekodi ya kipindi, swali lake likawa moja: ngoma gani humu ndo mbaya?

Hakuna. Nimesikiliza yote, hakuna mbaya hata moja, na ndo maana nikaona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa urefu, maana ingekuwa amechagua takataka tungemaliza kwa sentensi mbili.

Tuanze na hesabu kwanza kabla ya ladha. Alifungua na "Autobahn" ya Kraftwerk, bendi ya Ujerumani, ile yenyewe ya kwenye albamu ya 1974, dakika 22 na zaidi, upande mzima wa santuri. Ikafuata "I Feel Love" ya Donna Summer ya 1977, toleo refu la santuri ya inchi 12, dakika 8 na kitu. Halafu "Acid Tracks" ya Phuture ya 1987, zaidi ya dakika 11. Halafu "Timeless" ya Goldie ya 1995, dakika 21. Jumlisha mwenyewe, 62, na saa ina dakika 60, na hapo hajafungua mdomo! Na alifungua, tena sana, kule mwanzo kuna maelezo marefu kuhusu studio ya Kling Klang ya Kraftwerk pale Düsseldorf ambayo mimi niliyapenda ila yalikula muda. Matokeo yake "Timeless" ikakatwa katikati na taarifa ya habari, na ngoma zilizokuwa zimepangwa nyuma yake, "Strings of Life", "Midnight Request Line" na wenzake, hazikupigwa kabisa. Saa nzima ya historia ikawa ngoma nne, ya nne haina mwisho.

Kwa hiyo jibu jepesi ni kwamba ngoma ni ndefu, zifupishwe, kwisha kazi. Mimi nadhani jibu hilo linaishia nusu. Urefu peke yake hauui kipindi, kuna watu wanasikiliza miksi za saa mbili bila kugusa kitufe. Urefu una historia yake pia kwenye muziki huu, The Orb walitoa "Blue Room" mwaka 1992 ikiwa na dakika 39 na sekunde 57, kwa sababu chati ya Uingereza ilikuwa inakubali singo isiyozidi dakika 40, na ikafika namba 8. Kwa hiyo tusimwogope mtu kwa dakika zake. La kuangalia ni hizo dakika zinamfanyia nini mtu aliyekaa na redio, na hapo ndo kila ngoma inabidi ifunguliwe peke yake.

Chukua "Acid Tracks". Kuna kisa ambacho DJ Pierre, mmoja wa waliotengeneza, amekisimulia mara nyingi: walimpa kanda dijei Ron Hardy pale klabu ya Music Box, Chicago, akaipiga, watu wakaondoka sakafuni. Akaipiga tena baadaye usiku uleule. Na tena. Mara ya nne watu wakapagawa. Sasa jiulize, Ron Hardy alikuwa na nini ambacho mtangazaji wetu hana? Alikuwa na watu ambao wameshaingia ukumbini, mlango uko nyuma yao, spika kubwa ziko mbele yao, wakichoka wanaenda pembeni wakapumzike halafu wanarudi. Msikilizaji wa redio akichoka hasogei pembeni, anabadilisha stesheni na harudi. Huwezi kumpa ngoma mara nne mpaka aielewe, una nafasi moja, na kwa uzoefu wangu nafasi hiyo ni nusu dakika ya kwanza hivi, baada ya hapo ameshaamua kama anabaki.

Ndo kitu nilichomwambia jamaa toka siku ya kwanza: umechagua kwa sikio la klabu, na msikilizaji wako hayuko klabu, yuko jikoni, yuko kwenye gari, yuko kitandani na simu imewekwa kifuani. Kila ngoma humu ilichaguliwa kwa kilele chake, ile sehemu ambayo mtu mzima ananyanyua mikono. Redioni kilele cha dakika ya 7 hakimsaidii aliyekwisha ondoka dakika ya 2.

Akanijibu jibu zuri, sikatai. Akasema mbona BBC Radio 1 wana Essential Mix toka 1993, saa mbili, miksi ya dijei mgeni, na inasikilizwa mpaka leo? Kweli kabisa. Ila ile miksi imeundwa na dijei kama kitu kimoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na anayewasha anajua anakuja kusikiliza saa mbili za mtu mmoja. Na tukienda huko huko kwenye mifano mbona dijei Armin van Buuren toka 2001 anafanya A State of Trance, saa mbili kila wiki, na anaongea, anataja ngoma na nani kaitengeneza? Kipindi chetu kinafanana zaidi na hicho cha pili, kina mtu anayeongea, anayekuelekeza. Ukishakuwa na mtu anayeongea, ngoma inabidi ikubali kuongelewa, na hilo nalo ni sifa ya kuchagulia.

Sasa jaribio. Hii sehemu naipenda kuliko zote. Tulichukua plelisti nzima tukaipiga kwenye simu, spika yake ile ndogo, simu imewekwa mezani, sauti ya wastani. Hakuna hedfoni wala spika za studio. Jamaa alikuwa ameziandaa zote kwa hedfoni kubwa za kufunika masikio, na kwenye hedfoni zilikuwa tamu ajabu.

Spika ya simu, chini ya hezi 150 hivi, haitoi kitu cha maana. Besi ya dabstepu inakaa hezi 40 mpaka 60. Kwa hiyo ile dabstepu aliyokuwa ameiweka kwenye miksi ya saa ya pili, ngoma ya besi tupu, yenye nafasi nyingi na ukimya wa makusudi, kwenye simu ikabaki snea, ule mlio mkavu wa kugonga, na kelele za mbali, kama mtu anagonga kucha mezani. Besi yote, yaani ngoma yenyewe, haipo. Jamaa akakaa kimya kidogo halafu akasema "kumbe nilipiga ukimya". Ndio mzee. Wale wenye spika kubwa walifurahi, wengine wote walisikia redio imeharibika.

Lakini angalia kilichotokea kwa "Midnight Request Line" ya Skream, ya 2005, dabstepu vilevile, besi nzito vilevile. Kwenye simu ikabaki imesimama! Kwa nini? Kwa sababu juu ya besi kuna melodi inayopanda na kushuka, iko katikati ya masafa ya sauti, spika yoyote inaitoa. Besi ikipotea bado una wimbo. Na "Acid Tracks" nayo, ajabu, ilipita jaribio hili vizuri, maana ile Roland TB-303, mashine iliyoingia sokoni 1981 kama mbadala wa mpiga gitaa la besi na ikasitishwa 1984, sauti yake ina mikwaruzo mingi ya juu ukishafungua filta, kile kidhibiti cha kuzuia au kuachia sauti za juu. Sikio likisikia ile mikwaruzo linajazia lenyewe besi ambayo spika haijatoa. Kwa hiyo ugonjwa wa "Acid Tracks" redioni uko kwenye muda tu, wakati ile dabstepu ya kwanza ilikuwa inaumwa sauti. Magonjwa mawili tofauti, dawa tofauti, na ukisema tu "zifupishwe" ungefupisha zote na moja bado ingekuwa haisikiki.

Mshindi wa jaribio hata simu haijapata moto ni "Strings of Life" ya Derrick May, aliyoitoa 1987 kwa jina la Rhythim Is Rhythim. Ngoma haina laini ya besi. Kabisa. Ni piano, vinanda vya nyuzi na midundo, basi. Kwenye klabu watu wameipenda miaka yote hiyo, na kwenye redio ya mfukoni haipotezi kitu kwa sababu haikuwa na cha kupoteza. Na ndo ngoma ambayo kwenye toleo la kwanza haikufika hewani kwa sababu ilipangwa nyuma ya "Timeless". Hilo liliniuma kidogo.

"I Feel Love" ina mambo yake. Giorgio Moroder na Pete Bellotte waliijenga karibu yote kwa sinthesaiza ya Moog, isipokuwa kiki, ule mdundo wa mguu, ulipigwa na mtu, Keith Forsey, kwa sababu Moog haikutoa kiki yenye ngumi. Besi yake imewekewa mwangwi, noti yenyewe inatoka kushoto, mwangwi wake unatoka kulia, ndo maana inatetemeka vile. Sasa mtu anayesikiliza na hedfoni ya sikio moja, na wako wengi, anapata nusu ya besi. Kwenye redio ya spika moja pande mbili zinaungana, unapoteza ile mtetemo wa kushoto kulia ila noti zote zipo. Inapita. Kuna ngoma mpya mbili kwenye saa ya pili ambazo hazikupita, zile sinthi pana pana zilizotanuliwa kwa ujanja wa programu, ukiunganisha kushoto na kulia zinafutana, zinabaki hewa. Kabla ya kuchagua ngoma bonyeza kitufe cha mono, kinachounganisha kushoto na kulia, ni sekunde tano tu hizo.

Mambo ya ufundi mengine niyapitie haraka. Faili mbili zilikuwa MP3 za kiwango cha chini, zilizonyonywa mtandaoni, na mitambo ya stesheni inabana sauti tena juu ya hapo, haihati, yaani matoazi ya midundo, zikawa zinachirizika. FM inabeba sauti mpaka kilohezi 15 hivi kwa hiyo mtu anadhani ubora wa faili hautasikika, unasikika. Tafuta WAV au FLAC, faili zisizopunguzwa ubora. Na ngoma za 1987 ziko chini kwa ukali kuliko za leo, sawazisha kwa LUFS, kipimo cha ukali jinsi sikio linavyousikia, na usiamini macho kwenye mita ya vilele.

Turudi kwenye maongezi, maana hapa ndo kuna kitu ambacho watu wengi wanaochagua ngoma za redio wanakikosa. Ngoma ya haus au tekno ya toleo refu inaanza na midundo mitupu, baa 16 au 32, imewekwa hivyo ili dijei apate nafasi ya kuunganisha. Kwenye mapigo 128 kwa dakika, baa 32 zenye mapigo manne manne ni mapigo 128, yaani dakika moja kamili. Ukiiacha dakika hiyo ipige yenyewe hewani ni dakika ya kiki tupu, msikilizaji anasubiri basi lisilokuja. Ukiongea juu yake, ni zawadi, una dakika nzima ya kutaja ngoma iliyopita, kusimulia jambo moja la hii inayokuja, na ukinyamaza tu sinthi inaingia kama mlikuwa mmepanga. Jamaa yeye alifanya kinyume, aliongea juu ya ukimya, dakika nne za Kling Klang bila chochote chini, halafu akanyamaza na kuachia midundo mitupu. Nikamwambia badilisha tu mpangilio wa kitu ulichonacho. Na kanuni inayotoka hapo ni rahisi: kama utaongea chukua toleo refu, kama hutaongea chukua toleo la redio, ambalo limeshakatwa hiyo intro. Wengi wanachukua la redio siku zote halafu wanashangaa hawana pa kuunganishia.

Kuruka kasi nako kulikuwa na shida, saa ya pili alitoka tekno ya mapigo 135 kwenda drum and bass ya 174 kwa kulazimisha kasi zilingane, hiyo ni kunyoosha karibu asilimia 29, sauti ikapinda mpaka huruma. Usilinganishe. Weka maongezi katikati au chagua ngoma inayoanza bila midundo, sauti na vinanda tu, msikilizaji anasahau kasi ya nyuma ndani ya pumzi chache.

Basi tukapanga upya saa ya kwanza. Ufunguzi tukaweka "Good Life" ya Inner City ya 1988, Kevin Saunderson kwenye mashine na Paris Grey kwenye maiki, kwa sababu ni tekno ya Detroit yenye sauti ya mtu, na sauti ya mtu ndo kitu cha haraka kuliko vyote kumshika msikilizaji ambaye hajui tekno ni nini. Ikafuata "I Feel Love" toleo fupi, maongezi, halafu "Autobahn" ile iliyokatwa kuwa singo ya dakika tatu na nusu hivi. Jamaa aligoma hapa. Kwake kukata "Autobahn" ni kama kuvunja msikiti, lakini nilimkumbusha kwamba wenyewe Kraftwerk waliingia chati ya Marekani mwaka 1975, namba 25, kwa toleo hilo fupi, ndo redio zilikuwa zinapiga. Na kule Detroit ambako waanzilishi wa tekno, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walikua wakisikiliza, mtangazaji Electrifying Mojo alikuwa anawachanganya Kraftwerk na Prince na Parliament usiku mmoja bila kumuomba mtu ruhusa. Chicago nako, toka 1981, madijei watano wa Hot Mix 5 walikuwa wanamiksi hewani kwenye stesheni ya WBMX na vijana wanarekodi kwenye kaseti. Muziki huu redio imeulea pamoja na klabu, kwa hiyo kuukata ufae redio si dharau.

Baada ya hapo "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa ya 1982, ambayo imechukua kwa Kraftwerk waziwazi kwa hiyo hadithi inajisimulia, kisha ngoma ya Frankie Knuckles, dijei wa haus wa Chicago, kisha "Strings of Life" katikati kabisa ya saa, sehemu ambayo toleo la kwanza lilikuwa linalala. "Music Sounds Better with You" ya Stardust, 1998, kipande kimoja cha gitaa kutoka kwa Chaka Khan kikizunguka, spika yoyote inaipenda. "Midnight Request Line". Kufunga saa, badala ya "Timeless" nzima, "Inner City Life", ambayo ndo sehemu ya kuimbwa ya "Timeless" yenyewe, Diane Charlemagne anaimba taratibu juu ya midundo inayokimbia, na ikiisha taarifa ya habari haijakata mtu.

"Acid Tracks" hatukuitupa. Ilihamia saa ya pili, robo ya mwisho, ndani ya miksi, dakika nne hivi kuanzia pale filta ya 303 inapoanza kufunguka, ikiwa imezungukwa na ngoma zinazofanana nayo, na aliyekuwa bado amekaa saa hiyo ni mtu wa kupewa kitu kigumu.

Toleo lililorekebishwa likaenda hewani. Meseji zikarudi, na zilizojaa zaidi ni za watu wanauliza ile ya piano inaitwaje, yaani "Strings of Life", mmoja alidhani imetoka mwaka huu. Meneja hajasema neno, na kwa meneja yule kutosema neno ni pongezi.

Kitu kimoja bado tunavutana. Jamaa anataka "Autobahn" nzima siku moja, dakika zote 22. Mimi naona inawezekana, ila iwe mwisho wa kipindi, aseme wazi kabisa kwamba naiachia mpaka mwisho na sitaongea tena, halafu azime maiki. Yeye anataka iwe ufunguzi. Na ameshaiweka kwenye plelisti ya mwezi ujao, namba moja.